Mwaka wa Kwanza kwenye Benchi la Tatu

Jumatatu, 16 Oktoba

"Mtu akishapita miaka arobaini, akili yake ni duka lililofungwa. Utapiga hodi mpaka uchoke." Maneno ya Inspekta, juzi Jumamosi, kwenye kipindi chetu cha mabishano radioni. Nayaandika ili nimrudishie neno kwa neno siku ikifika.

Uongo mtupu. Yeye mwenyewe alijifunza simu ya kugusa akiwa amekwisha staafu ukaguzi wa shule, na sasa hatulali kwa jumbe zake za sauti. Duka gani hilo? Na wanawake wa hapa mjini Uvira? Kila mwaka wanafundishwa jambo jipya: na vita, na maji ya ziwa, na watu wa forodha. Hakuna anayewauliza umri kabla ya kuwafundisha. Umri unaulizwa pale tu wanapotaka kuchagua somo wenyewe.

Nina miaka arobaini na nane. Leo nimeanza mwaka wa kwanza wa sheria. Nilipoingia, darasa zima lilisimama. Walidhani mimi ndiye profesa. Nikaenda benchi la tatu, nikaketi, na wao wakabaki wamesimama, hawajui wafanye nini.

Inspekta ameapa kwamba nikianguka atanitangaza. Anitangaze. Ninaowafikiria ni wanawake wanaosikiliza kipindi huku wakianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Wananiambia barabarani: tukuone weye kwanza, Mama Mabishano. Ukipita, na sisi tutajaribu. Nikianguka, nimewafungia mlango mimi, si Inspekta.

Naogopa. Nimeandika.

Jumatano, 18 Oktoba

Wa mwaka wa pili wana desturi yao. Wageni wanaitwa bleu, yaani wachanga, na wiki ya kwanza wanapigishwa magoti uwanjani na kuimbishwa upuuzi. Mimi walinipita. Hawakujua waniamrishe au waniamkie.

Wakamshika kijana mrefu anayeitwa Enoki. Ametoka Rurambo, juu milimani, kwa wafugaji. Amevaa koti la kanisani kwenye joto hili. Wakamwambia alie kama ng'ombe. Najua kwa nini walimchagua yeye. Mji huu unajua kusoma sura ya mtu na kumpangia kabila.

Niliingia katikati yao. Nilitumia sauti ya radio. Niliwatajia haki za binadamu, nikawakumbusha babu zao waliopigishwa magoti na Wabelgiji, nikaendelea mpaka wakatawanyika mmoja mmoja.

Enoki alijipangusa magoti. "Asante, Mama," akasema. "Lakini walikuwa wanamaliza."

Sijui kama ilikuwa dhihaka. Sasa anakaa benchi la tatu, karibu nami.

Ijumaa, 17 Novemba

Profesa amekuja kutoka Bukavu. Chuo chetu hakina maprofesa wa kutosha. Basi mmoja anashuka, anafundisha somo zima kwa siku sita, asubuhi mpaka jioni, kisha anarudi. Anasoma kwa sauti, sisi tunaandika. Mkono unaniuma mpaka begani.

Leo nimeuliza maswali. La mwisho lilipofika, alitazama saa yake na darasa zima likaguna. Likanigunia mimi, si yeye.

Chifu wa promosyon yetu, yaani kiongozi wa darasa, ni Salha. Msichana wa Kavimvira. Miaka ishirini, ushungi umebanwa kwa pini, sauti ya mtu aliyekulia mpakani. Baada ya somo akaniambia: "Mama, weye ukimuuliza, anaruka ukurasa. Halafu ukurasa ule ndio unatoka mu mtihani."

Mantiki safi. Nimeichukia.

Jumanne, 5 Desemba

Majibu ya mtihani mdogo wa kwanza. Swali lilikuwa: taja na eleza vyanzo vya sheria. Niliandika kurasa tatu kuonyesha kwamba swali lenyewe ni bovu. Hapa kwetu chanzo cha kwanza cha sheria ni woga, na cha pili ni bunduki iliyo karibu. Hoja nzuri. Naweza kuitetea mbele ya yeyote.

Nne juu ya ishirini. Chini yake, kwa wino mwekundu, neno moja: Hukuulizwa.

Enoki kapata kumi na moja. Salha kumi na saba. Alinijia pale pale, mbele ya wote, akasema jioni wanakutana kwao kusomeshana, niende. Wanafanya kama alivyofundishwa Korani utotoni. Mmoja anasema somo bila karatasi, mwenzake anashika karatasi na kumsikiliza, akikosea anarudishwa mwanzo. Nikamjibu kwamba hata kasuku husema bila karatasi.

Alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.

Nyumbani sikula. Nne.

Jumamosi, 9 Desemba

Leo kipindini sikuacha kitu. Somo zima kwa siku sita! Nilisema Mungu aliumba dunia kwa siku sita na matokeo tunayaona. Sembuse mtu anayeshuka Jumatatu na kupanda Jumamosi. Nilisema anayesoma karatasi kwa sauti mbele ya watu wazima hafundishi, anatangaza. Sikutaja jina. Uvira nzima inamjua.

Simu hazikunyamaza. Inspekta, ambaye huwa haliachi neno langu lipite, leo aliliacha. Mwisho aliuliza tu: "Na wanafunzi wenzako, Mama? Umewauliza?" Nikasema sihitaji kibali cha mtu kusema kilicho kweli. Fundi wa mitambo akanipigia makofi nyuma ya kioo.

Nimerudi kwa miguu, kichwa juu.

Jumatano, 10 Januari

Profesa haji tena. Salha ametangaza mbele ya darasa bila kunitazama. Profesa amewaambia wakuu wa chuo kwamba hatashuka Uvira kutukanwa na mwanafunzi wake mwenyewe. Somo lake la pili halijafundishwa. Bila somo hilo hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna atakayekwenda mwaka wa pili. Hakuna hata mmoja.

Benchi la tatu tulikuwa watano. Leo tulikuwa wawili. Enoki alibaki. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kutoka pale anaona ubao vizuri.

Ijumaa, 12 Januari

Salha amekuja kwenye kibanda changu cha kupiga chapa na fotokopi. Akasubiri wateja watoke. Hakukaa.

"Mama, minye sisemi umesema uongo. Siku sita ni kidogo, kila muntu anajua. Lakini weye uko na radio, uko na kazi, uko na bwana. Sisi tuko na mwaka huu tu. Ulianzisha vita, halafu ukatuweka sisi mbele."

Hasira. Kisha aibu. Kisha hasira kwa sababu ya aibu.

Ubaya ni huu: bado naamini kila neno nililosema. Ni kweli, na linawaangusha watoto hawa. Vyote viwili. Nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote ninayemjua kwenye mtaa huu, na hakuna kilichonionyesha mahali pa kuweka mambo mawili kama haya.

Jumapili, 14 Januari

Kwetu, waliogombana hadharani hawaendeani wenyewe. Lazima mtu wa tatu abebe maneno. Na mtu pekee ambaye Profesa hawezi kumkatalia ni aliyekuwa mwalimu wake wa shule ya msingi. Inspekta.

Nilikwenda baada ya kanisa. Alinicheka kwanza, akachukua muda wake. Mkewe, Mama Neema, alileta chai, kisha akakaa mlangoni na kisahani mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho.

Nilitaka kujua kama atakwenda. Inspekta akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Nitaenda," akasema. "Nataka uanguke mu mtihani wenyewe. Si kwa kukosa mtihani."

Sijawahi kumshukuru mtu huyu. Nimemshukuru vibaya, nusu sentensi.

Alhamisi, 18 Januari

Tumekutana Katogota, kwenye bonde la Ruzizi. Inspekta aliomba Profesa ashuke hadi hapo, sisi tupande. Mvua ilikuwa imekata barabara upande wa juu. Tulingoja kwenye kibaraza cha mama anayeuza mchele. Profesa alifika kwa miguu. Suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi, mkoba kichwani. Sikuwahi kumwona bila tai.

Tukaketi mkeka mmoja, Inspekta katikati. Profesa hakunisalimu mimi. Alimsalimu yeye, kisha akaanza.

"Mwambie Mama, siku zake sita anazozililia ku radio zinaanzia hapa, mu tope hili. Naanza kuchoka kabla sijafundisha neno."

"Anasema safari ilikuwa ngumu," Inspekta akaniambia. Tulikuwa tumeketi karibu kiasi cha kugusana magoti.

"Mwambie Profesa simlaumu kwa tope. Namlaumu kwa kutusomea karatasi kama vile hatujui herufi."

Inspekta akamgeukia. "Anasema anakuheshimu sana."

Mama wa mchele akacheka mpaka akaacha kupima. Profesa akajikaza. Akakaza midomo, akakaza macho, kisha kicheko kikamtoka puani. Baada ya hapo ikawa vigumu kuendelea kumtumia Inspekta.

Aliniambia mwenyewe, akiwa anajikwangua tope kwenye muundi. Miaka ya nyuma alikuwa anatuma karatasi za somo kabla hajaja. Hakuna aliyezifungua. Akifika anakuta watu wanamtazama kama wanavyotazama mvua. Basi akaanza kusoma kwa sauti, ili angalau kila mmoja awe amelisikia somo mara moja.

Hilo sikulijua. Niliongea nusu saa radioni na hilo sikulijua.

Nikamwambia azitume tena. Tutakuwa tumezishika zote kabla hajafika. Siku sita ziwe za maswali.

"Na weye? Utajibu ninachouliza?"

"Nitajibu. Halafu nitabisha."

Akanyoosha kidole chenye tope. "Kwa mpango huo, Mama. Jibu kwanza."

Nimeahidi kwa niaba ya darasa zima. Darasa ambalo halisemi nami.

Jumatatu, 5 Februari

Kavimvira, nyumbani kwa Salha. Mama yake ametutandikia ukumbini. Nilivua viatu mlangoni na kubaki nimesimama kama mgeni wa msiba. Salha akasema, "Ingia, Mama. Kasuku wengine wamekwisha fika."

Wote wakaangua kicheko. Nilistahili. Nikaingia.

Karatasi za Profesa zimekuja, na darasa limeikubali ahadi yangu ya Katogota. Leo Enoki alizishika na mimi nikasema. Nilifika sentensi ya tatu, nikaanza kueleza kwa nini mwandishi amekosea. Enoki akasema, kwa upole wake ule unaoudhi, "Rudi mwanzo, Mama." Nikarudi. Nikafika ya nne, nikaongeza maoni. "Rudi mwanzo." Jasho. Nilikuwa nadhani nakumbuka kila kitu ninachosoma. Kumbe nakumbuka nilichojibu tu. Alichosema mwenyewe mwenye kitabu sikukisikia hata kidogo.

Ni jambo baya kuligundua na nywele nyeupe.

Ilipofika zamu ya Enoki nilishika karatasi mimi. Nyumbani kwao wanasali kwa sauti kila jioni, kwa hiyo anasema sheria kama anaomba. Ilinibidi nimsikilize mpaka mwisho bila kusema neno. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimsikiliza mtu hivyo.

Jumamosi, 16 Machi

Siku ya sita ya Profesa. Hakusoma ukurasa hata mmoja. Siku ya kwanza alifungua mkoba, akauliza swali la kututega, na mikono ikainuka darasa zima. Akaondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akafunga mkoba.

Siku hizi sita tumebishana. Nimebishana naye mimi, amebishana Enoki, hata yule wa benchi la nyuma anayelala. Mara mbili nilishindwa. Nilipenda.

Benchi la tatu tuko sita. Tunabanana.

Kipindini leo, baada ya darasa, nimesema hadharani kwamba siku sita bado ni aibu ya serikali, na barabara ya bonde ni aibu kubwa zaidi, na kwamba Desemba nilimlaumu mtu badala ya barabara. Inspekta alitaka nirudie. Nikamwambia betri ya kipaza sauti imeisha.

Jumatano, 24 Aprili

Ziwa limepanda. Kavimvira watu wanaingia nyumbani kwao kwa mtumbwi. Ukumbi tuliokuwa tunasomea una maji mpaka magotini. Salha na mama yake wamehamia kwa shangazi, upande wa mlima, watu kumi chumba kimoja.

Leo hakuja. Jana hakuja. Enoki alikwenda kumtafuta akamkuta anabeba magodoro. Akamwambia mwaka huu basi.

Nimekwenda mwenyewe. Sikutoa hotuba. Kibanda changu kinafungwa jioni, nikamwambia, kina meza, kina taa ya sola ambayo bwana wangu alinifungia, kina mashine ya fotokopi inayotoa joto kama jiko. Nikampa ufunguo wa pili. Akaugeuza mkononi.

"Mama, nikilala humo pia?"

"Lala."

Akageuka upande. Nikajifanya natazama ziwa.

Nilimwambia tena kitu kimoja: desturi ya kurudishwa mwanzo ni yake. Simruhusu kuacha kabla hajafika mwisho.

Jumatatu, 10 Juni

Wiki ya blokus, yaani kujifungia kusoma kabla ya mitihani. Kibanda kimejaa. Salha anapanga zamu kama forodha: nani anasema, nani anashika karatasi, nani anapika uji. Wateja wakija kupigiwa chapa barua wanakuta vijana wakitaja sheria ya ndoa kwa macho yaliyofumbwa. Mwanamke mmoja aliahirisha barua yake ya talaka.

Kichwa changu kimejaa. Silali vizuri. Nikilala, nasikia Enoki: rudi mwanzo.

Nikianguka sasa sitakuwa na wa kumlaumu. Hilo ndilo linanitisha kuliko yote. Maisha yangu yote nimekuwa na wa kumlaumu.

Jumanne, 25 Juni

Mtihani wa Profesa. Swali la kwanza ni bovu. Bovu kabisa. Mkono uliruka wenyewe kuanza kulipinga. Nikaweka kalamu chini. Nikafumba macho. Nikajibu kilichoulizwa, chote, kwa utaratibu, kama nilivyokisema mara nyingi mbele ya mashine ya fotokopi.

Muda ulipobaki nikaandika kwenye ukurasa wa mwisho: Sikuulizwa, lakini. Ikafuata aya moja. Fupi. Nadhani ni bora kuliko zile kurasa tatu.

Jumamosi, 27 Julai

Matokeo yamesomwa uwanjani, kama kawaida yao: majina kwa sauti, mbele ya familia zote. Watu wamekuja na makopo ya poda. Anayepita anamwagiwa kichwani mpaka anakuwa mweupe kama mkate. Miaka yote nimeuita ushenzi. Niliwahi kuutengenezea kipindi kizima.

Salha kwanza kabisa. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Enoki amepita, lakini somo moja atalirudia Septemba. Alisikia, akaitikia kwa kichwa, akasema atashuka kutoka Rurambo mapema, ng'ombe watamsamehe.

Jina langu lilichelewa. Katibu humtaja wa kwanza kwa alama, kisha wengine kwa alfabeti, na alfabeti haina huruma. Niliona wanawake wa ndagala wamesimama nyuma ya ukuta, hawajaingia, kana kwamba uwanja ule unauliza pasi ya kuingia. Nikafikiri: nikianguka, watageuka waende zao na hawatasema kitu. Hilo nisingelistahimili.

Kisha jina. Kisha neno lililofuata jina: nimepita.

Sikumbuki vizuri. Nakumbuka poda. Mdomoni, machoni, ndani ya kola. Walionimwagia ni benchi la tatu wote, na kati yao mkono mmoja wenye saa aliyovaa Inspekta tangu siku za ukaguzi. Sikupinga. Nilipofumbua macho wanawake walikuwa wamekwisha ingia uwanjani. Wote.

Jumatano, 31 Julai

Kimya kibandani. Vijana wameondoka. Salha aliacha ufunguo kwenye msumari, nimemrudishia. Nimefagia. Kila ninapopiga ukurasa kwa mashine, poda kidogo inatoka.

Inspekta alipita mchana. Alisimama mlangoni akitazama barabara. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, chuo kinataka karatasi gani kwa mtu anayetaka kuanza mwaka wa kwanza.

Nikamuuliza mtu huyo ana umri gani.

"Hamsini na mbili."

Nikakumbuka kile kisahani mkononi mwa mkewe, pale mlangoni kwao. Nikamwambia, polepole, neno kwa neno kama nilivyoandika Oktoba, kwamba akili ya mtu aliyepita arobaini ni duka lililofungwa.

Hakugeuka. "Mama Neema iko na ufunguo wake," akasema.

Nilikuwa na jibu. Sikuulizwa. Nikamwandikia orodha ya karatasi, akaikunja mara mbili, akaenda.

Jumamosi nitayasema haya kipindini, mwishoni, bila kupaza sauti. Nayaandika sasa nisije nikayaongezea chumvi.

Salha, Enoki, na ninyi wote mlionimwagia poda. Oktoba ninyi ndio mtakuwa wa mwaka wa pili. Kuna mama atakuja na mkoba mpya, na darasa litasimama likidhani ni profesa. Msimpigishe magoti, na asitokee wa kukaa kimya mwenzake akipigishwa. Mmoja wenu ashike karatasi. Akikosea, mrudisheni mwanzo, kwa upole ule ule unaoudhi. Na benchi la tatu, mwachieni nafasi.